Mzazi wa Pili Yuko Nje ya Wodi ya Wazazi

Benchi lilikuwa la mbao, limewekwa chini ya upenu, na mvua ya Rungwe ilikuwa inapiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hata mtu akiita kutoka ndani usingemsikia. Tulikuwa wanaume watatu. Mmoja alikuwa amekumbatia ndoo mpya iliyojaa kanga, mwingine anaangalia salio kwenye simu kila baada ya dakika chache, na mimi nimeshika chupa ya chai niliyokabidhiwa na mama mkwe alfajiri. "Mwanangu, hakikisha ameinywa ikiwa ya moto," aliniambia. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri sikuruhusiwa kuupita mlango wa wodi, na chai ikapoa mikononi mwangu.

Mtoto alizaliwa salama. Lakini jioni nilipoingia kumwona mke wangu, neno lake la kwanza halikumhusu mtoto. Aliniambia kwamba kwa saa nyingi alikuwa peke yake kitandani, akadhani anakufa na hakuna atakayejua.

Hospitali yenyewe siitaji. Wauguzi wawili waliokuwa zamu walikuwa wanakimbia kutoka kitanda hiki hadi kile tangu usiku, na uchungu nilionao hauwahusu wao. Unanihusu mimi. Miezi tisa nilinunua vifaa, nikatafuta nauli, nikajiona nimetimiza wajibu, na sikuwahi kuuliza swali moja la msingi: leba ikianza, nani atakaa naye?

Kiswahili chetu kinaiita sehemu ile wodi ya wazazi. Najua kwa lugha ya hospitali mzazi ni mwanamke aliyejifungua. Lakini neno lenyewe halikumtenga baba, tuliomtenga ni sisi. Hata methali ambayo wanaume tunaikimbilia tukitaka kujiweka kando haisemi tunachodai kwamba inasema. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Haikusema mama.

Nimeyakumbuka hayo yote hivi karibuni nilipokuwa Kinyala, kata ya Wilaya ya Rungwe ambako asubuhi ukungu unalala juu ya migomba hadi jua lipande, na ambako mvua ikizidi mwezi wa tatu njia za udongo zinageuka utelezi hadi mwezi wa tano. Pale kijiweni vijana wa bodaboda walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti mazito, wakisubiri abiria na magunia ya viazi. Vijana hao ndio gari la wagonjwa la kwanza la mjamzito wa huku. Lami ya barabara kuu ya kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi mpakani Kasumulu ni nzuri, ila mtoto hachagui kuzaliwa kando ya lami. Anataka kuzaliwa saa nane usiku, kilimani, wakati kijito kimejaa na taa ya pikipiki haioni mita tano mbele.

Kwa hiyo mwanaume wa Kinyala akiniuliza amsaidieje mke wake wakati wa kujifungua, siwezi kuanza na kushikana mikono. Naanza na njia.

Kadi ya kliniki ina tarehe ya makisio. Mume aisome kwa macho yake, kisha ahesabu wiki tatu kurudi nyuma. Kuanzia hapo asisafiri kwenda Mbeya au Kyela kwa biashara ya siku tatu bila kumwacha mtu mzima nyumbani. Azungumze mapema na mwendesha bodaboda au mwenye gari, akubaliane naye nauli ya usiku na ya mvua, achukue namba yake na namba ya mwingine wa akiba. Ajue zahanati ya karibu inaweza nini na haiwezi nini, na ikishindwa rufaa itakwenda wapi: Hospitali ya Makandana pale Tukuyu, au Igogwe, na mambo yakiwa mazito zaidi Meta, jijini Mbeya, inakohudumia wazazi Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Awe na ndugu wawili au watatu walio tayari kutoa damu. Na kama mkunga amesema mimba ina hatari, ni mapacha, au mama alishafanyiwa upasuaji, asisubiri uchungu nyumbani. Amhamishie mkewe kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki chache kabla. Ng'ombe wa maziwa wanaweza kukamuliwa na jirani.

Kuna namba ambayo kila mwanaume anapaswa kuiweka kwenye simu yake leo. Ni 115, ya mfumo wa m-mama. Inapigwa bure. Upande wa pili anapokea mhudumu wa afya aliyefundishwa, anauliza maswali, kisha anatuma gari la wagonjwa au dereva wa kijamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo wenyewe, si na familia. Ni kwa dharura ya mjamzito, ya mama aliyejifungua hadi siku 42, na ya mtoto mchanga hadi siku 28. Si teksi ya uchungu wa kawaida, na ndiyo maana mipango ya bodaboda inabaki palepale. Ila damu ikitoka kabla ya wakati, kichwa kikiuma kupita kiasi na macho kuona ukungu, degedege likianza, au mtoto akiacha kucheza tumboni, mume asianze kuitisha kikao cha wazee. Apige.

Nayatilia mkazo haya kwa sababu nchi imepiga hatua ambayo miaka kumi iliyopita wengi hatukuitegemea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Wanawake wameitikia wito, wamekwenda vituoni. Sasa swali limebadilika: wakifika pale, wanakaa na nani?

Mtoto wetu wa pili alinifundisha jibu. Safari hii nilikwenda kliniki pamoja na mke wangu, na mkunga mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya chini, alinisimamisha nyuma ya mke wangu akakiweka kiganja changu kwenye mfupa wa kiuno chake, pale mgongo unapoishia. "Baba, usipapase. Kandamiza," alisema. "Yeye ndiye atakayekuambia kama inatosha." Ilichukua dakika mbili tu, na hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyonifaa kama dakika hizo.

Uchungu ulianza jioni. Mwanzoni unakuja na kuondoka, mtu anaweza hata kumenya ndizi. Nilishika simu nikawa naandika kila ulipoanza na ulipoachia. Dakika ishirini, kumi na tano, ishirini tena. Tulipofika dakika saba alikuwa hawezi tena kuongea ukiwa umemshika. Aliegemea meza ya chakula, mikono imekunjwa, paji la uso juu ya mikono, na mimi nyuma yake na kisigino cha kiganja changu kwenye kiuno.

"Chini kidogo," alisema. "Hapo. Hapo hapo. Usiondoe mkono."

Sikuuondoa. Mkono uliuma hadi begani, nikabadilisha wa pili. Ulipoachia tulitembea kutoka mlangoni hadi jikoni, akanywa uji mafunda mawili, nikamkumbusha kwenda kujisaidia haja ndogo, maana kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka. Hakuna tulichozungumza cha maana. Nilipumua taratibu, kwa sauti, na baada ya muda naye akawa anapumua pamoja nami. Yule mkunga alikuwa ameniambia nisimhimize kwa kelele, nisimwambie "jikaze", nisimwambie wenzako wanazaa kumi. Nimwambie ukweli tu: huu umepita, unapumzika sasa, nipo.

Hayo si maneno ya kubembelezana tu. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 na kulinganisha waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo muda wote wa uchungu na wale waliopewa huduma ya kawaida bila mtu huyo. Wenye mtu walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, upasuaji ukapungua, uchungu ukawa mfupi kwa wastani wa dakika kama 40, na wachache zaidi walibaki na kumbukumbu mbaya. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaweka katika mapendekezo yake kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe wakati wote wa kujifungua. Mapendekezo hayohayo yanaruhusu mama asiye na matatizo kula na kunywa, kutembea, kuchagua mkao unaomfaa, kukandwa na kuwekewa kitambaa cha moto. Ukiyatazama vizuri, karibu yote hayo yanaweza kufanywa na mtu asiye na cheti chochote ukutani.

Jambo moja hapo wanaume wengi hatulijui, nalo linatutia papara. Uchungu wenyewe wa kasi huhesabiwa kuanza pale njia inapofunguka sentimita tano, na kuanzia hapo mimba ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 12, zinazofuata hadi saa 10. Mume asiyejua hilo akiona saa sita zimepita anaanza kumpigia simu mjomba, na mjomba anatuma kichupa cha dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu. Hapa nasema bila kuzunguka: dawa hiyo isimfikie. Hakuna anayejua kipimo chake, na mji wa mimba ukibanwa kwa nguvu isiyo na kipimo unaweza kupasuka. Ukiona muda unakwenda, muulize mkunga njia imefunguka kiasi gani na chati ya uchungu inasemaje. Hilo ni swali la heshima, na mkunga mzuri atakujibu.

Sasa nije kwenye mlango.

Mtoto wa pili pia sikuingia. Chumba cha leba kilikuwa na vitanda vilivyopangwa sambamba, bila pazia, na wanawake wengine walikuwa wamelala humo, kila mmoja na utu wake wa kusitiriwa. Mimi kuingia kumfariji mke wangu kungekuwa kumvunjia heshima mke wa mwenzangu. Wanaume wanaopiga kelele kudai haki ya kuingia kila wodi naomba walifikirie hilo. Lakini safari hii hatukuwa tumeliacha jambo hewani. Kliniki tulikuwa tumeuliza nani anaruhusiwa, tukaambiwa mwanamke mmoja, na mke wangu akamchagua dada yake mkubwa. Si mama yangu, si shangazi aliyejipendekeza. Nilimfundisha shemeji kile kiganja, sebuleni, mbele ya mtoto wetu wa kwanza. Usiku ule yeye aliingia, mimi nikarudi kwenye benchi jingine chini ya upenu mwingine. Kila baada ya muda alichungulia dirishani: sita, nane, anataka maji. Na chai niliipitisha kwa mkono wa shemeji ikiwa ya moto.

Huo nao ni usaidizi wa mume. Kuhakikisha hayuko peke yake ni kazi, hata kama mkono ulio kiunoni si wako.

Kigoma walilithibitisha hili ndani ya vituo vyetu wenyewe. Kati ya 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai liliendesha mradi wa majaribio wa wasindikizaji wa uzazi katika vituo vya serikali mkoani humo. Wasindikizaji wengi walikuwa wanawake, ndugu na majirani wa mjamzito, waliopewa maelekezo mafupi na wahudumu. Wanawake waliojifungua wakiwa nao waliridhika zaidi na huduma, na wahudumu wenyewe, ambao wengine mwanzoni walihofia msongamano na maneno, wakaona wamepata mikono ya ziada: mtu wa kumpa mama maji, wa kumshika akitembea, wa kumwita nesi hali inapobadilika. Wizara ya Afya nayo, katika mwongozo wake wa 2019 kuhusu huduma zenye utu na heshima, imemtambua msindikizaji. Kinachobaki ni vitambaa. Namaanisha mapazia: waya, misumari na vitambaa vya kutenganisha kitanda na kitanda. Halmashauri ya Rungwe inakusanya ushuru wa ndizi, viazi na chai. Mapazia ya vyumba vya leba vya zahanati zake hayawezi kuwa mzigo usiobebeka.

Nimesikia pia hoja ya mila, kwamba Mnyakyusa haingii mambo ya uzazi. Ni kweli mila zetu ziliweka mipaka mikali, hasa kati ya mkwe na mkamwana. Lakini mila hazikuwa na sura moja. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa urefu kuhusu kizazi cha mapacha: wazazi wote wawili, baba na mama, waliwekwa pembeni na jamii na kufanyiwa dawa pamoja, kwa sababu jambo lililotokea lilihesabiwa kuwa la wote wawili. Baba wa mapacha hakuwa mgeni wa kizazi chake.

Na kuna neno ukwangala. Kila mzee wa Rungwe analijua. Ni ule ushirika mwema wa watu kukaa pamoja, kula pamoja, kuzungumza, mtu asiwe mpweke. Vijiji vya rika vya zamani vilijengwa juu yake. Tumelitumia neno hili kwa wanaume wanaokaa pamoja jioni. Mimi naona hakuna mahali linapohitajika zaidi kuliko kwenye kitanda cha mwanamke aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku.

Niongeze jambo ambalo linaniuma. Zipo kliniki ambako mwanamke anayekuja na mume anahudumiwa kwanza, na asiye na mume anaambiwa alete barua ya mtendaji. Nia ni kuwavuta wanaume, na wanaume tunahitaji kuvutwa. Lakini mjane, binti aliyekimbiwa, na mke ambaye mumewe yuko migodini hawakutenda kosa la kuwafanya wakae mwisho wa foleni. Msindikizaji kwa maana ninayoitumia hapa ni yule ambaye mwanamke mwenyewe amesema: huyu nikiwa naye sitaogopa. Akiwa mume, vizuri sana. Akiwa mama, dada au rafiki wa kanisani, apokewe vivyo hivyo.

Mtoto akishatoka, wanaume tunapiga simu, tunapokea pongezi, tunanunua soda. Tupige simu hizo kwa kifupi. Saa zile za kwanza ndizo za hatari, maana damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo inayoongoza kuua wazazi. Kama hujaruhusiwa kuingia, muulize shemeji: ametazama kitambaa? Kinalowa haraka kuliko kawaida? Mtoto amewekwa kifuani, ngozi kwa ngozi? Amenyonya ndani ya saa ya kwanza? Mama akae kituoni walau saa 24, hata kama anajisikia vizuri, hata kama nyumbani kuna viazi vya kuvuna. Na tafadhali, swali la kwanza lisiwe "wa kike au wa kiume". Liwe "mama yake anaendeleaje".

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba likizo ya malipo isiyopungua siku tatu, mradi aichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, lakini hata hizo wengi hawaziombi. Mkulima wa Kinyala hana wa kumwomba. Shamba ni lake na siku ni zake. Kuni, maji, nepi za kufua na uji wa saa kumi usiku ni vyake pia, walau wiki hizo za mwanzo.

Mke wangu alijifungua alfajiri ile, saa kumi na moja na dakika chache. Nilipoingia kumwona alikuwa amechoka, macho mekundu, mtoto kifuani. Safari hii alisema, "Dada hakuniacha hata dakika moja." Kisha akaomba chai nyingine.

Ndugu yangu ambaye mkeo ana mimba ya miezi saba, iwe Kinyala, Kiwira au Busokelo: kliniki ijayo nenda naye. Muulize nesi nani anaruhusiwa kuingia leba. Mwache mkeo achague mtu, mkamwombe mapema, mkamfundishe kukandamiza kiuno. Zungumza na mwenye pikipiki kabla mvua haijaanza. Na andika ile namba ya dharura mlangoni kwa chaki, pale ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma gizani kwa mwanga wa simu: 115.